Kalangalala na Bunduki ya Darini

Leo nataka twende pamoja hadi Kalangalala, maana nimeona huko jambo lifaalo kusikiwa katika kila nyumba yenye kitu cha babu kilichofichwa darini.

Ukitoka Mwanza siku hizi, safari si ya kuchosha. Zamani ilikupasa kungoja kivuko pale Kigongo, ukitazama ziwa huku jua linakuchoma. Tangu Juni 2025 liko daraja la kwenda Busisi, urefu wake kilometa 3 hivi. Ukivuka, unapita Sengerema, kisha vilima vya Geita vyatokea mbele yako. Kalangalala ni kata ya mji huo. Utaona maduka, pikipiki nyingi, akina mama wenye mafungu ya dagaa, na vijana wenye vumbi la mashimoni katika nguo zao.

Dhahabu ndiyo iliyoukuza mji. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Na Machi 2019 serikali ilifungua soko la dhahabu. Basi hapa hata mtoto wa shule ajua habari za gramu na mizani. Dhahabu haina jina. Ifanye pete, iyeyushe, ifanye hereni, ni dhahabu ile ile, na bei yake ni uzito na usafi wake. Kwa hiyo watu wa kwetu wamezoea kudhani kwamba kila kitu cha thamani hupimwa hivyo.

Asubuhi moja alikuja ofisini kwangu mzee mmoja mwenye fimbo. “Mwangaluka, Mwalimu,” akasema. Huniita Mwalimu kwa kuwa nilisoma chuo cha ualimu, ingawa kazi yangu ni ukarani wa parokia. Alingoja mpaka watu waliofuata vyeti vya ubatizo walipoondoka, ndipo akaeleza shida yake.

Marehemu baba yake alikuwa mfuata nyayo wa mwindaji mmoja Mzungu. Baada ya Uhuru, Mzungu yule aliporudi kwao, alimwachia raifali ya mitutu miwili pamoja na kibali. Baba akafa, bunduki ikabaki darini. Sasa amekuja mtu kutoka mjini, anatoa ng'ombe wanane. Mwingine ameapa kwamba Ulaya bunduki kama ile ni shilingi milioni mia mbili. Mwana mkubwa ataka iuzwe usiku usiku, mdogo hataki, nao hawali tena chungu kimoja. “Wewe wasoma Kiingereza,” mzee akasema. “Niambie bei.”

Nikamjibu, “Mzee wangu, kabla ya bei iko sheria. Usiitoe njiani hata hatua moja. Twende kwanza polisi tukaseme ukweli.” Alinyamaza kitambo kirefu. Aliogopa kufungwa, nami sikuwa na uhakika wa kumwondolea hofu ile. Hata hivyo tulikwenda. Askari walifuatana naye hadi nyumbani, wakaichukua, nasi tukaiona juu ya meza ya kituo. Afisa mmoja aliyezijua sana silaha za kale alitueleza kwa upole, nami nawapa ninyi maelezo yake.

Raifali ya namna hii si bunduki ya marisau, ingawa zafanana kwa mbali. Ndani ya kila mtutu mna michirizi inayozunguka kama skrubu, ili risasi iende ikijizungusha na isiyumbe. Ina mitambo miwili, hivyo mmoja ukikwama mbele ya tembo au mbogo, wa pili uko tayari. Uzito wake wafika kilo 5 hivi. Mafundi wake wakuu walikuwa Waingereza: Rigby na Holland & Holland wa London, na Westley Richards wa Birmingham. Mwaka 1898 Rigby walitoa risasi kubwa ya baruti mpya isiyo na moshi mwingi, na tangu hapo wawindaji wengi wa Afrika wakazitaka raifali hizi. Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipokuja Afrika ya Mashariki kuwinda mwaka 1909, alikuwa na moja ya Holland & Holland aliyopewa zawadi na rafiki zake Waingereza.

Kwa nini ni ghali? Kwa sababu ya kazi ya mkono. Mitutu miwili ikiunganishwa ovyo, risasi ya kulia itakwenda kwake na ya kushoto kwake. Fundi hupiga shabaha, huilegeza lehemu kwa moto, husogeza mitutu kidogo kama unene wa unywele, hupiga tena, mpaka zote mbili zifike mahali pamoja. Mtu akiukata mtutu mmoja kwa msumeno, kazi ile yote imekufa.

Basi mwenye kuikadiria huanza na jina la fundi na namba. Viwanda vikubwa vimetunza vitabu vyao vya zamani, na kwa namba vyaweza kueleza mwaka wa kutengenezwa na mnunuzi wa kwanza. Kisha hutafuta mihuri ya London au ya Birmingham, ionyeshayo kwamba mitutu ilijaribiwa nguvu. Hutazama ndani ya mitutu, maana fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi, na asiyeosha kwa maji ya moto siku ile ile alikaribisha kutu. Hutazama kitako cha mbao kama kimepasuka. Huuliza kama risasi zake zapatikana bado. Mwisho huuliza karatasi: ilikuwa ya nani, ilipitia mikono gani. Mwaka 2011 huko Marekani raifali ya Westley Richards iliyokuwa ya Ernest Hemingway, mwandishi aliyewahi kuwinda Tanganyika, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 300,000. Hazikuwa fedha za chuma na mbao tu. Lililipiwa na jina lake.

Mzee alisikiliza yote, kisha akamtazama mwana mkubwa. Kijana aliinamisha kichwa. Kumbe, alipoambiwa mnunuzi yu njiani, aliisugua bunduki nzima kwa msasa ili ing'ae! Ilikuwa nyeupe kama sufuria mpya. Maandishi ya fundi yalikuwa yamefutika, namba imebaki nusu, mihuri haisomeki. Alidhani anaipamba, kumbe anaifuta bei kwa mkono wake. Na ndani ya mitutu kulikuwa na kutu nyekundu ya miaka mingi.

“Milioni mia mbili?” mzee akauliza.

“Hapana, mzee.”

“Ng'ombe wanane?”

Afisa akatikisa kichwa. Hata kama ingalikuwa nzima, kibali cha marehemu hakirithiwi kama shamba, na kuuza silaha gizani ni kosa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa kuwa mzee alikuja mwenyewe kwa hiari, bunduki ilipokelewa, akaandikiwa hati ya kupokelewa, akarudi nyumbani na wanawe wote wawili.

Kibali cha zamani alirudishiwa. Njiani aliniomba nimsomee jina la baba yake lililoandikwa pale, na nilipomaliza aliniomba nisome tena. Mwana mkubwa ndiye aliyekikunja na kukitia katika mfuko wa plastiki kisilowe.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako kiko kitu kama hicho, usikisugue, usikikate, wala usimwonyeshe mnunuzi wa usiku. Tunza karatasi zake. Nenda ukaseme mapema. Umoja wa Afrika tangu mwaka 2017 umeutenga mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa msamaha, na nchi yetu nayo imewahi kutangaza nafasi kama hiyo. Sikiliza redio, muulize mwenyekiti wa kijiji, ukaongozane naye.

Nanyi mkipita Kalangalala, pigeni hodi ofisini. Kwa herini.