Kilimani, mahali mirathi inapotaja jamaa waliosahauliwa

Ukitoka Mji Mkongwe wa Zanzibar na kupita Mnazi Mmoja, mwendo si mrefu kufika Kilimani, zilipo Nyaraka za Taifa. Wengi huja kusoma habari za masultani. Lakini mzazi anayeulizwa na mtoto, "Babu yake babu alikuwa nani?", aombe majalada ya mirathi ya enzi ya ukoloni.

Jalada la mirathi lilifunguliwa kwa sababu ya mali, lakini limehifadhi watu. Humo hutajwa marehemu, warithi na uhusiano wao, madeni, na mali yenyewe: nyumba, minazi, mikarafuu. Karatasi nyingine ni za Kiarabu, nyingine Kiingereza, hivyo nenda na msomaji.

Usiyaruke mafungu. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane akipewa thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ujue marehemu aliacha watoto, au wajukuu kwa mtoto wa kiume. Akipewa robo, hakuacha. Wajane wawili hugawana thumuni hiyo hiyo. Ukiona mmoja kapata sehemu moja ya kumi na sita, mtafute mke mwenziwe. Huenda ndiye bibi yenu. Mama akipewa sudusi, basi alikuwa hai mwanawe alipofariki.

Kuna jambo zito pia. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini baadaye mabwana wa zamani walikuja kudai mirathi ya watu waliowahi kuwamiliki. Kwa hiyo unaweza kumkuta mzee wenu hana jina la baba, ila ametajwa kuwa huru wa fulani. Familia nyingi zimelificha hili. Mtoto aambiwe kwa upole, na asomewe pia orodha ya mali: mtu aliyewahi kuhesabiwa kuwa mali alikufa akiwa na mali yake.

Kabla ya safari, waulize wazee jina lake kamili, la mumewe au mkewe, kijiji, na mwaka wa kifo hata wa kukisia. Si kila marehemu alifunguliwa jalada.

Na siku ukoo wenu utakapokaa kikao cha mirathi, andikeni kila mtoto, wa kila ndoa, kwa jina kamili. Asiyeandikwa leo, wajukuu watamtafuta wasimwone.