Palizi kwa Mama Mapacha

Dada yangu wa Minneapolis,

Ile safari unayonisutia tangu Krismasi nimeimaliza Jumamosi. Nimefika kwa Mama Mapacha.

Kutoka mjini Kisii hadi Keroka ni kama kilomita 25 tu. Nilipanda Probox, nyuma tumebanana wanne, mbele dereva anagawana kiti chake na abiria. Kufika Keumbu nilishamjua nyanya aliyenikalia nusu paja: presha yake, mkwe wake asiyepiga simu, na bei anayopunjwa na wachuuzi wa ndizi. Mpangaji ninayepakana naye ukuta mmoja hapa mjini, hata jina simjui.

Keroka ni ile ile, soko moja lenye wenyewe wawili. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, Kisii na Nyamira zimevutana juu ya ushuru wa pale. Nikamwona mama muuza nyanya akimwachia mwenzake meza na pochi, akaenda zake msalani. Hakuomba kibali cha gavana yeyote.

Bodaboda ikanipandisha upande wa Nyansiongo, chai kulia, chai kushoto, matope katikati. Kwa Mama Mapacha nikakuta wanawake saba wakipalilia mahindi. Risaga, dada! Leo kwake, kesho kutwa kwa jirani. Nilipewa jembe kabla ya kikombe cha chai.

Tulipopumzika akanitania: "Wa Amerika namwona kila Jumapili kwa simu. Wewe wa hapo Kisii nilikuona mara ya mwisho kwenye matanga ya baba." Nilicheka, ila iliniuma. Wewe kwa kuwa uko mbali huwa unapanga siku. Mimi naweza kwenda kesho, na hiyo kesho imekula miaka miwili.

Lakini nawe usivimbe kichwa. Ni kweli mchango wako wa matanga ulifika kwa M-Pesa kabla sijavaa viatu, na jina lako likasomwa mbele za watu. Lakini waliolala na Mama Mapacha jikoni siku zile zote, wakichota maji na kupika, ni hawa wapalizi. Kuna mmoja aliyeolewa huko juzi juzi tu, wewe humjui kabisa, na ndiye anayejua funguo za ghala zinafichwa wapi. Nilimwonea wivu. Nawe ungemwonea.

Tulikupigia saa saba mchana, kwako saa kumi na moja alfajiri, nawe ukataka uonyeshwe mboga ya chinsaga sufuriani badala ya nyuso zetu! Kisha mtandao ukakatika. Nimekubebea fungu moja lililokaushwa; binamu yako akisafiri Agosti atakuletea.

Palizi ya pili ni baada ya wiki tatu. Mama Mapacha amelifunga kitambaa chekundu lile jembe nililolima nalo, na amewakataza wengine kuligusa.

Wako wa hapo Kisii.