Liandike Jina la Kanga

Mpwa wangu mpendwa,

Jana baada ya isha nilivaa miwani nikaupitia ukurasa wako wa Instagram kama ulivyoniomba. Picha zimetulia, mwanga umekaa. Maneno ndiyo yanayokukosesha wateja.

Karibu kila picha umeandika, "Mzigo mpya umeshuka warembo, wahi yako, bei poa, njoo inbox." Hapo unauza nini? Maneno hayo ukiyaweka chini ya picha ya sufuria yanakaa vilevile.

Mimi nimeuza vitambaa Mtaa wa Kongo tangu hujazaliwa, na mteja wa kanga namjua. Hata salamu haijaisha, mkono uko kwenye kitambaa. Ataifikicha ajue kama ni pamba tupu, ataiinua kwenye mwanga aone kama inaonyesha, halafu atauliza: inachuja? Mwisho ataikunjua asome jina, na hapo ndipo biashara inapoamuliwa. Mtu anaweza kuipenda rangi, akasoma jina, akairudisha, maana alitaka zawadi ya mkwewe na maneno yale yatazua ugomvi. Mwingine ataichukua kwa ajili ya ugomvi huohuo!

Sasa wewe umezipiga picha zimekunjwa na kupangwa kama vitabu. Pindo linaonekana, mji nusu, jina halipo, na chini hukuliandika. Wafanyabiashara wa pwani wamejua siku nyingi kwamba maandishi huuza nguo, tangu majina yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla na aliyeanza biashara mwaka 1887, kanga zake ziliandikwa kabisa "Mali ya Abdulla", mnunuzi ajue amenunua ya nani.

Basi anza na jina, kwa sababu simu inaonyesha mistari ya mwanzo tu, mingine mpaka mtu abonyeze. Ningekuwa mimi ningeandika hivi: "Wema hauozi. Doti moja, pamba tupu, nyekundu na nyeusi. Nimeifua mara mbili kwa maji baridi, rangi haikutoka. Sh 18,000. Dar naleta kwa bodaboda, mikoani natuma kwa basi." Lakini uifue kweli. Kila mzigo ukiingia toa doti moja, ifue, ivae. Ikichuja, andika kwamba inachuja na ifuliwe peke yake. Kuna watakaoiacha, sawa, ila hutarudishiwa mzigo wala kutukanwa kwenye maoni.

Hili la bei kufichwa inbox silipendi hata kidogo. Mteja anahisi unataka kwanza uangalie picha yake ndipo umtajie bei inayomfaa, na mara nyingine ni kweli. Utaniambia wenzako watakuibia bei. Wenzako wanaijua, mnanunua jumla kwa tajiri mmoja! Ukiitaja, wanaokuandikia watapungua, lakini watakaokuja watakuwa wameshapiga hesabu zao, na kinachobaki ni lipa namba na mahali pa kupeleka.

Na zile zilizobaki "mbili tu" tangu kabla ya Ramadhani, mbona bado ni mbili?

Usihangaike kutafuta maneno ya kitaalamu. Fungua WhatsApp yako usome wateja wanakuuliza nini. Wakiuliza upana, pima kwa futi uandike. Wakiuliza kama unauza upande mmoja, jibu hukohuko chini ya picha, usisubiri mwingine aulize. Aliyekusifu muombe ruhusa uyaweke maneno yake kama alivyoyaandika, na makosa yake ya herufi usiyaguse.

Kabla hujaweka tangazo, mtumie mama yako. Dada yangu hana subira. Akipiga simu kuuliza kitu, kitu hicho ndicho ulichokisahau.

Mkaza mjomba wako anaitaka ile ya zambarau yenye korosho, lakini ameivuta picha mpaka macho yamemuuma na jina hakuliona. Liandike, na bei uitaje.

Mjomba wako,
Kariakoo