Nilimwachisha Mke Wangu Dawa

Kosa ninaloliungama lina sehemu mbili. Mimi, mwalimu, nilimwita mke wangu mvivu mbele ya mama yake mzazi, kisha nikamwachisha vidonge vya kifafa bila kumuuliza daktari. Hakuna aliyenituma.

Alikuwa na meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Hukua taratibu, na mara nyingi si saratani. Wake ulijificha nyuma ya paji la uso. Tulitibu maumivu ya kichwa kwa dawa za dukani mpaka alipoanguka kifafa ukubwani. Akapasuliwa Dar es Salaam, uvimbe ukatoka. Tuliporudi Mpwapwa, nyuzi zilishatolewa na kovu limekauka. Nikasimama kanisani kutoa shukrani: mke wangu amepona.

Zamani aliuza karanga sokoni, na madeni yote aliyaweka kichwani. Sasa wateja wawili wakisema kwa pamoja, chenji inampotea. Ikifika saa sita mchana amechoka hoi. Aliweza kukaa na mlenda mapajani bila kuuchambua mpaka mtu amwambie aanze. Jambo dogo lilimkasirisha, kisha akalia. Sikujua kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayompa mtu msukumo wa kuanza kazi, mpango wa kuimaliza na uwezo wa kuzuia hasira. Nikaamua ni deko.

“Hospitali imekuzoesha kuhudumiwa,” nilimwambia, mama mkwe akisikia.

Alinijibu kwa upole: “Mwalimu, kichwa kinachoka kabla ya mikono.” Nilisikia, sikuelewa.

Kisha nikavigeukia vidonge. Vilimtia usingizi, vilikula hela, na tangu apasuliwe hakuwa ameanguka. Nikaona havina kazi tena, kumbe hakuanguka kwa sababu alikuwa akivimeza. Uvimbe ukishatoka, kovu linalobaki ubongoni laweza lenyewe kuleta kifafa, na kuacha dawa hizo ghafla ni hatari.

Alianguka jikoni akisonga ugali wa mtama. Mkono wake wa kushoto uliingia kwenye mafiga. Majirani walifika mbio, lakini wengine walisimama mbali wakiogopa kuwa povu lingewaambukiza. Kifafa hakiambukizi. Watoto wetu waliona yote, na kovu la mkono ule nimelileta mimi.

Nilimpeleka hospitali Dodoma, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwetu, na njia nzima nilitunga uongo wa kumweleza daktari. Nilipofika nikasema kweli. Hakunikaripia. Alirudisha dawa, akapunguza usingizi kwa kubadili kipimo, kisha akanieleza kuhusu mizani ya kupima uwezo wa mgonjwa, iliyotungwa miaka ya 1940 na madaktari wa Marekani, David Karnofsky na Joseph Burchenal. Mgonjwa hupewa alama: 100 ni mzima asiye na lalamiko, 0 ni kifo. Mwenye 70 anajihudumia mwenyewe, lakini hawezi kazi zake za kawaida.

Mimi ninayesahihisha madaftari kila siku nilimpa mke wangu 100 kwa kutazama kovu tu. Na hata mizani hiyo haifiki kwenye aibu, huzuni na uchovu usioonekana. Ndiyo maana siku hizi watafiti humuuliza mgonjwa mwenyewe anavyoishi, hawaridhiki na macho ya daktari wala ya mume.

Tumepanga maisha upya. Hulala mchana bila kuomba ruhusa. Kazi hupewa moja moja, na hesabu huandikwa kwenye daftari. Hapiki peke yake kwenye moto wa wazi. Sokoni huenda asubuhi tu, binti yetu akishika fedha. Msamaha niliuomba mbele ya mama mkwe, palepale nilipomdhalilisha. Mke wangu alinisamehe, ila vidonge anavitunza mwenyewe.

Wewe unayemrudisha nyumbani mtu aliyepasuliwa kichwa, usiondoke wodini kabla ya kuuliza: atachoka kiasi gani, tabia yake yaweza kubadilika vipi, na dawa ipi haiachwi bila amri ya daktari? Ukishafika nyumbani, muulize yeye mwenyewe anajisikiaje, na jibu lake uliamini.