Mguu wa Kulia

Asubuhi kliniki moja ilimpa mume wangu dawa ya asidi, tukaamini ni tumbo. Akaenda zake Light Industries, Kariobangi, kuchomelea mageti. Nayasema haya kwa uchungu: saa zile zilikula nyama ya moyo wake, na haitarudi.

Saa tano usiku alikuwa ameloa jasho la baridi, midomo imepauka. Jirani wa ploti akawasha Probox, tukatoka Umoja hadi Jogoo Road. Namwita, haitiki.

Hospitalini presha ilisoma 70 kwa 40. "Mama," daktari akaniambia, "mshipa unaolisha moyo umeziba. Moyo umeishiwa nguvu za kusukuma damu, figo na ubongo vinakosa. Tutauzibua mshipa, halafu tuusaidie moyo kwa puto."

Wakapitia kwenye paja la kulia, wakaweka stenti ya kuushikilia mshipa wazi, kisha puto refu jembamba ndani ya mshipa mkuu. Moyo ukipumzika, puto linajaa gesi ya heli na kuirudisha damu ilishe moyo wenyewe. Moyo ukitaka kupiga, linanywea, mzigo unapungua.

Daktari hakunificha. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2012, kwa wagonjwa 600, haukuona puto likipunguza vifo. Ipo pampu ndogo inayoingizwa ndani ya moyo, na mwaka 2024 utafiti mwingine ulionyesha inaokoa baadhi ya wagonjwa wa namna hii. "Sisi hapa tuna puto," akasema.

Kwa hiyo baadaye, kanisani, sikusema mashine ilimponya. Nilimshukuru Mungu kwa mshipa uliozibuliwa, kwa dawa za kupandisha presha, kwa puto lililomshikilia, na kwa akina mama wa chama chetu cha Mutindwa waliochanga kwa simu usiku huohuo.

Siku zile za puto, mguu wa kulia haukutakiwa kukunjwa. Kila saa nesi aligusa juu ya wayo kutafuta mapigo, maana mrija wa puto unaweza kuunyima mguu damu. Nikamwomba anifundishe. Kila nikiruhusiwa kuingia, nilikaa miguuni pake, vidole vyangu juu ya wayo, puto likipiga tu-tu-tu.

Siku ya nne walilitoa. Nesi alilikandamiza paja kwa mikono miwili karibu nusu saa, jasho likimtiririka. Mlio ulikuwa umenyamaza. Nikatazama presha kwenye skrini: 104. Ikabaki 104.

Nikaugusa wayo. Akakunja vidole.

"Mama watoto," akasema, "mikono yako ni baridi."