Marinda 18

Nikiulizwa nimeshona nini maisha yangu yote, jibu ni sketi. Suti za harusi nimeshona, magauni ya kipaimara nimeshona, na suruali za vijana waliotoka machimboni Rwamgasa na fedha ya kumaliza siku tatu. Lakini kilichosomesha wanangu ni sketi ya shule, ile ya marinda.

Nilianza mwaka 1986, kwenye kibaraza cha mzee mmoja mzaliwa wa Mombasa aliyefika Chato kwa kumfuata mke. Wakati huo tulikuwa Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Baadaye tukawa wilaya wenyewe, na mwaka 2012 tukajikuta Mkoa wa Geita. Cherehani yangu imekaa mikoa miwili bila kusogezwa hata hatua moja.

Mwaka wa kwanza sikukanyaga cherehani. Nilipuliza mkaa wa pasi, nilifumua, niliokota pini sakafuni kwa sumaku ya spika mbovu. Mwaka wa pili Mzee akanipa marinda. Kanuni yake ilikuwa moja: vidole viwili nje, vitatu ndani. Ukiweka futi, hiyo ni kama sentimita nne zinazoonekana na sita zinazojificha. Kwa bluu ya shule za serikali kanuni hiyo haina shida. Bluu haina kumbukumbu. Ukipotea nusu kidole hakuna atakayekukamata. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 na watoto wakamiminika madarasani, nilikuwa nakunja sketi huku macho yako barabarani.

Drafti haikubali mchezo huo, ingawa jina lake ni la mchezo.

Mwaka 2009 shule moja ya mchepuo wa Kiingereza ilinipa kazi ya sketi 60. Kitambaa kilikuwa cha drafti, kijani na bluu, kimekatwa na mstari mwembamba mwekundu juu ya ile kijani. Nikaongeza vijana wawili, tukakunja vidole viwili nje, vitatu ndani, tukapiga pasi, nikapeleka mzigo kwa baiskeli nikipiga mluzi. Mwalimu mkuu akaitundika moja kwenye msumari, akarudi nyuma hatua mbili.

"Fundi," akasema, "hii sketi imelewa."

Ilikuwa imelewa kweli. Mstari mwekundu ulisimama katikati ya rinda la kwanza, ukasogea ukingoni kwenye la pili, ukapotea kwenye la tatu, la nne na la tano, ukaibuka la sita kwenye ukingo wa upande mwingine. Nilifumua zote 60. Kitambaa kikishapigwa pasi kinabaki na makovu. Nilijaribu maji ya siki, nilijaribu mvuke wa sufuria, michirizi ikakaa palepale. Hasara ilikuwa yangu, na sikuwa na wa kumlaumu.

Jibu nililipata mnadani, kwenye belo la mitumba. Ilikuwa sketi ya sufu nzito kama blanketi, haina zipu, inafungwa kwa mikanda midogo ya ngozi yenye vifungo vya chuma. Lebo ilisema Scotland. Nilidhani ni ya mama mmoja mwenye mwili. Ndipo nikakumbuka maneno ya Mzee, kwamba ujana wa baba yake Mombasa ulikuwa na vikundi vya ngoma ya beni vikishindana, Kingi na Skochi, na hao Skochi walivaa sketi kwa kuiga askari wa Uskoti. Siku aliponisimulia nilicheka mpaka nikadondosha mkasi. Mwanamume na marinda! Sasa nilikuwa nayo mapajani.

Nilihesabu marinda 27 nyuma. Mbele hakuna hata moja, ni vipande viwili bapa vinavyolaliana. Na katikati ya kila rinda ulishuka mstari uleule mweupe, umenyooka kama uzi wa timazi wa mwashi. Usiku ule nilifunga mlango, nikawasha taa ya chemli kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, nikaanza kufumua taratibu, rinda moja moja. Nilipomaliza, kitambaa kilitoka ukutani kikapita chini ya meza hadi mlangoni: zaidi ya mita saba kwa kiuno kimoja. Nikapima kutoka mstari mweupe hadi mweupe unaofuata, kisha kutoka kunjo hadi kunjo. Vipimo vilikuwa sawa.

Kumbe ndilo jambo lenyewe. Drafti ina mahali inapoanza kujirudia. Mimi napaita nyumba: toka mstari mwekundu hadi mwekundu unaofuata ni nyumba moja. Kitambaa cha ile shule kilikuwa na nyumba ya sentimita 12, nami nilikuwa nakula 10 kila rinda. Sentimita mbili zilizobaki ndizo zilizolewa.

Mtoto mwenye nyonga ya sentimita 72 anahitaji marinda 18 ya sentimita nne. Nikiacha nne nje na kuficha nane, kila rinda linakula nyumba moja kamili, na mstari mwekundu unarudi katikati kila mara. Hiyo ni mita mbili na sentimita 16 za mzunguko. Ipo njia ya pili: naficha nyumba nzima ya 12, nje zinabaki nne, na kila rinda linaanza pale jirani yake alipoishia. Ukiitazama sketi hiyo utaapa haikukunjwa, drafti imetandazika kama kitambaa cha meza. Lakini inakula mita mbili na sentimita 88. Waskoti wanazitumia zote mbili, na ile ya mstari ndiyo waliyoizoea wanajeshi wao. Kitambaa changu kina upana wa mita moja na nusu. Kwa njia ya mstari, pana tatu zinatoa sketi mbili; kwa ile ya drafti nzima, pana mbili zinaishia kwenye sketi moja. Mzazi wa Chato anayesubiri bei ya pamba hahitaji kuulizwa anataka ipi.

Kiuno kilinisumbua zaidi. Nyonga 72, kiuno 54: kila rinda lazima lipungue kutoka nne hadi tatu. Ukipunguza upande mmoja, mstari unalala. Ile sufu ilinionyesha: nusu sentimita huku, nusu huku, kuanzia nyongani kupanda juu, na bandi ya mkono kwanza kabla ya cherehani. Mafundi wengi hapa hupima kwa inchi. Kwa drafti mimi natumia sentimita, inchi ni pana mno kwa dhambi ndogo.

Sketi za namna hii zina siri moja ninayoipenda. Mtoto akisimama unaona kijani na mwekundu tu. Akitembea, bluu iliyofichwa inafunguka na kufumba. Machi 2021, siku Rais Magufuli alipokuwa anazikwa hapa kwetu, nilisimama kando ya barabara na watu wengi kuliko niliowahi kuona Chato. Wiki nzima nilikuwa nimeshona vitambaa vyeusi. Upepo wa ziwa ukapita kwenye mstari wa wasichana wa shule mbele yangu, bluu ikafunguka kwa wote mara moja. Nikajishika nahesabu marinda, msibani. Nilimwambia mke wangu peke yake.

Siku hizi nina binti ninayemfundisha. Juzi muuza vitambaa alituletea jora la bei nafuu. Niliridhika nalo, macho yangu si yale ya zamani. Yeye akaligeuza, akakuta upande wa ndani umepauka. Ni drafti ya kuchapwa, si ya kufumwa. Akachomoa uzi mmoja wa upana, akaufuata kwa kidole hadi ukingo wa pili: uzi umenyooka, mstari umepanda juu yake kama njia ya mbuzi.

"Baba, hii nyumba haifungi," akasema.

Nikamwita yule muuza vitambaa, alikuwa hajafika mbali.