Gari Ambalo Halikuuzwa

Kuna gari moja Nairobi ambalo lingelipa karo yangu yote na chenji ibaki. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, rangi ya chungwa iliyopauka kwenye boneti, na limelala chini ya mabati nyuma ya gereji ya babangu, Kariobangi. Mzee hakulinunua. Mwenyewe alilileta miaka ya tisini atengenezewe injini, akakosa pesa za kulipa, akahamia ng'ambo, na mwishowe akatuma logbook kwa posta iwe ndiyo malipo.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mnunuzi wa magari ya zamani. Alilizunguka mara mbili, akapiga magoti akachungulia chini, akataja bei. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nina deni la karo la laki mbili na arobaini, na jina langu lilikuwa limeshatolewa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani. Mzee alisikiliza bei, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Hii gari haiuzwi." Hakuna maelezo. Muhula uliofuata sikurudi. Nikaanza kuandika: makala za tovuti za watu, maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, chochote kinacholipa kwa M-Pesa kabla ya tarehe tano, landlord asije akabisha.

Kwa hivyo elewa nilivyohisi Mzee aliponipigia simu Januari akasema, "Mama, nataka tupeleke Datsun Tanga. Kuja unisaidie kuitayarisha."

Tanga, Tanzania. Karibu kilomita mia saba ukipitia Namanga, Arusha, Moshi na Korogwe. Shangazi yangu, dadake mkubwa, anaishi huko tangu 1975, na siku hizi macho yake yamefifia sana. Mzee ameenda kumwona mara mbili tu maishani, kwa basi, na mara zote mbili ilikuwa matanga. Sasa anataka kumwona bila mtu kufa kwanza.

Nilienda. Nilijiambia naenda kwa sababu ya shangazi.

Kama hujui 240Z ni nini, muulize mtu yeyote wa rika la Mzee halafu utenge saa nzima. Nissan walianza kuiuza mwisho wa 1969: milango miwili, pua ndefu, mitungi sita iliyopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4, kabureta mbili. Huko Ulaya na Marekani lilikuwa gari la kijana aliyepata kazi nzuri. Huku kwetu lilikuwa gari la matope. Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo 1973. Mehta alizaliwa Uganda, na familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka mmoja tu baadaye akawa bingwa wa Safari. Mzee alikuwa na miaka kumi, amesimama kando ya barabara Ukambani na dadake, Pasaka, vumbi hadi kwenye meno. Anaapa kwamba gari la Mehta lilipita hatua tano kutoka alipokuwa.

Siku ya kwanza hatukugusa injini. Tulitoa petroli ya zamani kwenye tangi, ikatoka nyekundu kama chai ya rangi. Kutu. Ukiiacha, kutu ile inasafiri hadi kwenye kabureta, inaziba matundu ambayo ni membamba kuliko ncha ya sindano, na unakwama katikati ya Same na Korogwe ukingoja msaada wa lori. Tulishusha tangi, tukatia kokoto ndogo na sabuni, tukalitikisa kwa zamu hadi mabega yakalia. Suuza, tikisa, suuza tena. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua Probox yake alinitazama akamuuliza Mzee, "Umeandika msichana?" Mzee akamjibu, "Huyo ndiye mwenye gereji. Mimi ni wake."

Sikucheka. Nilikuwa nimebeba tangi.

Siku zilizofuata zilikuwa za Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanaita Grogan. Hakuna duka lenye spea za 240Z limekaa likikungoja. Unachofanya ni kujua ni kitu gani kinaoana na kitu gani. Mipira ya petroli unanunua kwa kipimo, unakatiwa. Fanbelti unaenda na ile ya zamani mkononi unalinganisha kwenye kaunta. Raba za breki, zile ndogo za ndani ya silinda, tuliagiza kutoka nje, na zilikula pesa kuliko kila kitu kingine, kwa sababu Mzee ana sheria moja: gari linaweza kukataa kwenda, lakini lisithubutu kukataa kusimama. Mbele lina diski, nyuma lina ngoma, na vyote tulivifungua hadi kwenye chuma kitupu.

Kuna jambo la injini hii ambalo lilinifurahisha, na nilichukia kwamba linanifurahisha. Bomba la ekzosi na kabureta ziko upande mmoja, moja juu ya nyingine. Ukiwa mwendoni upepo unapoza. Ukisimama, kwa mfano mpakani saa saba mchana, joto la ekzosi linapanda na petroli inaanza kuchemka ndani ya kabureta. Unarudi na karatasi zako zimepigwa mihuri, unapiga stata, gari linakuangalia tu. Watu wengi hukimbilia kubadilisha betri. Dawa ni kuweka bati la kukinga joto katikati, kuvika bomba la petroli kitambaa kisichoshika moto, na kila mkisimama, boneti juu. Bati letu nililikata mimi. Liko pale, lina alama ya kidole changu kilichokatika.

Kisha valvu. Ziko kumi na mbili, na kila moja ina pengo lake: milimita 0.20 kwa zile za kuingiza, 0.25 kwa zile za kutoa moshi, injini ikiwa baridi. Unatumia vibati vyembamba ambavyo mafundi huviita fila. Unachomeka, unavuta, unasikia. Ikikwama, umebana. Ikipita bure, umelegeza. Mzee siku hizi vidole vyake havisikii vizuri, kwa hivyo yeye alizungusha injini kwa spana na mimi nikapima. Huku anazungusha anaimba mpangilio wa kuwaka kwa mitungi, kama mtoto na hesabu zake za kuzidisha: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne.

Ni hapo, kwenye valvu ya saba au ya nane, aliponiambia habari ya 1977. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia spana.

Shangazi aliolewa na mtu wa East African Railways, akahamishiwa Tanga, naye akamfuata. Mpango wa nyumbani ulikuwa kwamba Mzee akimaliza darasa la saba aende akae nao, asome sekondari huko, kwa sababu babu hakuwa na karo na shemeji alikuwa na mshahara. Alimaliza mwisho wa 1976. Alinunuliwa sanduku la bati na viatu. Februari 1977, kabla hajasafiri, Tanzania ikafunga mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo, reli ikagawanywa, ndege zikagawanywa. Mpaka ulifunguliwa tena 1983. Wakati huo Mzee alikuwa na miaka ishirini, yuko gereji, na viatu vya shule alikuwa amevivaa kazini hadi vikaisha.

"Safari yenyewe ilikuwa inapita nchi zote tatu," akasema. "Halafu ikawa Kenya peke yake tangu sabini na nne. Sisi watoto hatukuuliza kwa nini."

Nikapima valvu iliyofuata. Ilikuwa imebana.

Najua unachofikiri, kwa sababu nami nilikifikiria: kumbe hii ndiyo sababu hakuuza. Hili ndilo gari alilosimama kuliangalia na dadake, na kwake ni mlango ambao hakupita. Sawa. Nimeelewa. Lakini kuelewa hakulipi karo. Mtu aliyenyimwa shule na mpaka ndiye aliyepaswa kujua zaidi ya wote inavyouma kutolewa kwenye orodha. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilikuwa na fila mdomoni.

Mambo ya karatasi aliniachia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye kompyuta. Safari ya kwenda nje kwa gari lako inaanzia kwenye foleni kabla haijaanzia barabarani. Pasipoti. Logbook yenye jina sahihi. Bima ya Kadi ya Njano, ile ya COMESA, kwa sababu bima ya nyumbani inaishia mpakani. Tanzania ilitoka COMESA zamani lakini kadi hii bado inaikubali. Kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda, ili wajue hujaenda kuliuza. Pembetatu za kung'aa na mtungi wa kuzima moto, kwa sababu trafiki wa Tanzania atauliza. Na nidhamu ya kilomita 50 kwa saa vijijini, kwa sababu wana kamera na wanajificha vizuri. Namanga siku hizi kituo ni kimoja, tangu 2018: maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Mzee nilipomweleza aliuliza mara mbili, "Paa moja?"

Tulikuwa tumekaa juu ya matairi, jioni, najaza maelezo ya gari kwenye fomu. Namba ya chesi. Namba ya injini. Rangi. Nikafika mahali pameandikwa thamani.

"Thamani ya gari niandike ngapi?"

Mzee akataja bei. Alitaja ile ya yule mnunuzi, miaka mitatu iliyopita, yote, hadi shilingi mia tano ya mwisho. Nilikuwa nimeshaisahau hiyo mia tano. Yeye hakuwa ameisahau.

Nikaiandika. Vidole vyangu vilikuwa na grisi, nikachafua herufi.

Akanyamaza kidogo. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu niache chuo, akauliza, "Karo ilikuwa imebaki ngapi?"

"Laki mbili na arobaini."

Akatikisa kichwa polepole, kama anavyofanya mteja akimweleza sauti ambayo gari linatoa. Hakusema pole. Sikutegemea. Akaniletea funguo, akanionyesha kiti cha dereva.

"Washa tusikie."

Tunaondoka Ijumaa saa kumi alfajiri ili tufike Namanga kabla ya jua kali. Nyuma kuna plagi sita za akiba, pointi na kondensa, fanbelti mbili, lita kumi za maji, waya, na kitenge cha shangazi. Kwenye fomu ya bima tuko madereva wawili, na jina langu ndilo la kwanza. Mzee anasema ni kwa sababu ya macho yake. Kuanzia Arusha, barabara ni yangu.